Fundi Cherehani na Mtihani wa Tatu

Fundi alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na katika miaka hiyo yote hakuna kitu kilichowahi kumtisha kama karatasi ya hisabati. Mbwa hawakumtisha. Wateja waliokuja na kitambaa cha mita mbili wakitaka gauni la mita nne hawakumtisha. Aliwatazama juu hadi chini, akawaambia ukweli wao, wakarudi makwao wamenuna. Lakini mtajie mtihani tu, uone mwanamke mzima anavyomeza mate.

Wala usidhani hesabu hakuzijua. Angekutazama ukiwa bado mlangoni akakuambia kiuno chako ni inchi ngapi, na akikosea, amekosea nusu inchi, tena kwa sababu umevuta tumbo ndani. Marinda ya sketi aliyagawanya kichwani huku anakusimulia habari za jirani. Tatizo lilikuwa chumba cha mtihani chenyewe. Mara ya kwanza, akiwa na miaka kumi na minane, aliandika namba yake juu ya karatasi kwa mwandiko mzuri kabisa, na baada ya saa tatu akaikusanya karatasi ikiwa na namba hiyo tu. Mara ya pili, akiwa ameshakuwa mke na mama, alikaa saa moja, akaomba ruhusa ya kwenda chooni, akapitiliza hadi nyumbani. Aliacha hata kalamu mezani. Ilikuwa kalamu ya mumewe, na mumewe aliiulizia mwaka mzima.

Sasa ilikuwa mara ya tatu, na safari hii hakwenda kwa kupenda. Chuo cha ufundi kilikuwa na darasa la ushonaji, na kwa miaka tisa darasa hilo lilikuwa mikononi mwake. Kwenye makaratasi aliitwa msaidizi. Mwalimu ambaye yeye alimsaidia alikuwa amestaafu zamani na hakuletwa mwingine, kwa hiyo Fundi akabaki anamsaidia mtu ambaye hayupo, na kila mtu akaona sawa. Kisha ikaja barua: kila anayefundisha awe na cheti cha sekondari, na awe amefaulu hisabati. Mkuu wa chuo, mama mstaarabu asiyependa kumuumiza mtu, alimwita ofisini na kumsogezea kiti yeye mwenyewe. Fundi alipoona kiti kinasogezwa akajua hakuna heri.

"Fundi, mimi nakujua," alisema mkuu. "Lakini hii barua haikujui."

"Nina mpaka lini?"

"Mtihani wa mwaka huu. Ukipita, darasa ni lako, na utaitwa mwalimu mbele ya watu. Usipopita, mwakani analetwa mwingine. Na mimi sitakuwa na la kufanya, dada yangu."

Fundi alirudi darasani. Wanafunzi wake kumi na sita walikuwa wanakata kola za mazoezi kwenye magazeti, ndimi zimetoka nje kwa bidii. Aliwatazama akaona wivu, wivu wa wazi usio na haya, kwa huyo mtu asiyemjua ambaye angekuja kuwafundisha kola. Akamnyang'anya mmoja mkasi akamwonyesha upya namna ya kuuzungusha, ingawa alikuwa anakata vizuri tu.

Mwalimu wa kumfundisha hesabu hakuhitaji kutafutwa mbali. Binti yake wa mwisho alikuwa kidato cha nne, naye angefanya mtihani huohuo, siku hiyohiyo, na kwa kuwa watahiniwa wa kujitegemea walipangiwa shule yake, wangekaa ukumbi mmoja. Nyumbani walimwita Profesa. Jina alipewa na baba yake tangu alipokuwa na miaka saba, siku aliyomsahihisha mwenye duka hesabu ya sukari, na likaganda. Mtaa mzima ulilijua. Ukimwuliza mtu yeyote pale nani hatapata shida na mtihani mwaka huu, angekuambia Profesa bila kufikiri, na Fundi angekuwa wa kwanza.

Walijiwekea utaratibu. Kila siku saa kumi alasiri, binti akitoka shule, alikaa upande mmoja wa meza ya kukatia nguo na vitabu vyake. Fundi alikaa kwenye cherehani yake ya kukanyaga kwa miguu, ile nzee nyeusi yenye pedeli ya chuma, akashona sare za watu. Binti akimaliza kusoma ya kwake, ndipo anamwuliza mama maswali. Kanuni ziliandikwa juu ya meza kwa chaki ya kushonea: eneo la duara hapa, Pithagorasi pale, na mteja akija kukatiwa suruali, kanuni zinafunikwa kwa kitambaa mpaka aondoke.

Miezi ya mwanzo binti alilalamika sana.

"Mama, hiyo cherehani yako itanifelisha. Taka-taka, taka-taka! Mtu anasomaje?"

"Basi nisishone? Hizi sare zijishone zenyewe?"

Baadaye malalamiko yakaisha. Siku moja Fundi, akiona huruma, alisimamisha pedeli akasema leo ngoja nikupishe usome kwa utulivu. Binti hakuinua hata kichwa. "Endelea tu, mama. Nimeshazoea." Fundi akafurahi kwamba mtoto amekua na adabu, akaendelea kushona.

Na hesabu zilimwingia, usifanye mchezo. Binti alikuwa mwalimu mkali. Alimwekea saa ya mezani, akavaa koti la baba yake, akatembea huku na huku chumbani mikono mgongoni kama msimamizi. Alimpa masharti: soma swali mara mbili, anza na lile unalolijua, likikukwamia liruke, usiligombanie, na ukiona kichwa kimekuwa kitupu, weka kalamu chini, vuta pumzi, hesabu mpaka kumi, ndipo uishike tena. Fundi aliyashika yote. Alipata maswali saba katika kumi, kisha manane.

Ila alikuwa na ujanja wake. Maswali alikuwa anayafanyia palepale kwenye kiti cha cherehani, daftari juu ya ubao wa mashine, na miguu ikiwa kwenye pedeli. Hakuna kitambaa, hakuna uzi, miguu tu inakwenda. Binti alimwona.

"Mama, mtihanini hakuna pedeli."

"Siku hiyo itakuwa tofauti."

"Njoo basi ufanyie huku mezani."

"Kesho," alisema Fundi. Na kesho akasema kesho.

Jambo jingine la miezi ile lilikuwa sweta. Sweta la shule la binti lilikuwa limeliwa mkono wa kulia, pale kwenye pindo, nyuzi zimetafunwa na kulowa. Fundi alilirekebisha mwezi wa sita, akagomba. Akalirekebisha tena mwezi wa nane. Mwezi wa kumi, wiki mbili kabla ya mtihani, alikuta mkono umeliwa mpaka juu ya kifundo cha mkono.

"Msichana mkubwa unatafuna nguo? Njaa gani hiyo? Watu watasema mtoto wa fundi anavaa matambara!"

"Samahani, mama," alisema binti, akaweka mkono nyuma.

Fundi alishona pindo jipya, safari hii kwa uzi wa nailoni, akasema tuone kama na hili utaliweza. Kisha akarudi kwenye milinganyo yake, maana milinganyo ilikuwa inamtoa roho.

Asubuhi ya mtihani mumewe, fundi baiskeli, mtu wa maneno machache, alikuwa ameamka mapema akapiga viatu rangi. Jozi mbili aliziweka mlangoni bega kwa bega, ya mama na ya binti, zinang'aa. Fundi aliviona akataka kulia. Akajikaza kisabuni, akavaa.

"Safari hii kalamu yangu irudi," alisema mumewe.

Mama na binti wakashika njia. Fundi alikuwa anarudia kanuni midomo ikichezacheza. Hakumtazama mwenzake, nalisema hili bila kumficha, maana yeye mwenyewe halifichi: njia nzima, nusu saa ya kutembea, hakumtazama mtoto usoni hata mara moja.

Mlangoni mwa ukumbi alisimama msimamizi, mzee mrefu mkavu mwenye kalamu tatu mfukoni mwa shati. Alikagua kadi, akakagua mifuko, akamtazama Fundi shingoni.

"Hiyo nini, mama?"

Fundi alijishika shingo. Futi ya kupimia. Alikuwa ameivaa bila kujua, kama alivyoivaa kila asubuhi kwa miaka ishirini. "Ni futi tu, mwalimu. Mimi ni mshonaji."

"Ina namba?"

"Futi zote zina namba, mwalimu."

Wanafunzi waliokuwa nyuma yake walicheka. Msimamizi hakucheka. Aliipitisha futi yote vidoleni, mbele na nyuma, akitafuta maandishi, halafu akaikunja na kuiweka juu ya meza yake. "Utaichukua ukimaliza. Ingia." Fundi akaingia ukumbini shingo tupu.

Watu wa kujitegemea walipangiwa nyuma. Binti yake alikuwa safu hiyohiyo, meza tatu mbele. Ukumbi mzima ulikuwa migongo, na Fundi aliitambua mingi kwa mshono, maana sare nyingi za shule ile zilipita mikononi mwake. Yule bega la kushoto limekaa chini kidogo. Yule alikataa kupimwa upya na sasa kwapa linambana. Alipoufikia mgongo wa Profesa akaona umenyooka, kichwa kimeinama juu ya karatasi. Akajisemea, huyo ameshaanza.

"Saa mbili kamili," alisema msimamizi. "Mnazo saa tatu. Anzeni."

Karatasi mia zilifunuliwa kwa pamoja, na baada ya hapo pakawa kimya.

Fundi hajawahi kufanya kazi katika kimya. Alipoolewa alihamia nyumba ya karibu na karakana, chuoni kuna cherehani kumi na sita, nyumbani kuna yake. Kimya cha ukumbi ule kilimjaa masikioni. Alisoma swali la kwanza. Alilisoma mara mbili, kama alivyofundishwa, na mara ya pili likawa na maana pungufu kuliko ya kwanza. Akaweka kalamu chini. Akavuta pumzi. Akahesabu mpaka kumi, na hapo akagundua kwamba anahesabu vizuri sana na hakuna kingine anachokumbuka.

Akaruka hadi swali la pili, la tatu, la sita. Yote yalikuwa mageni. Eneo la duara, aliloliandika kwa chaki mwaka mzima na kulifunika kwa vitambaa vya watu, lilikuwa limeondoka. Alijaribu kuchezesha miguu chini ya meza, lakini sakafu ilikuwa saruji, haikurudisha mguu, na alipousogeza tu msimamizi aligeuka. Akaitia miguu chini ya kiti akaifungia huko.

Saa ya ukutani ikasema saa mbili na nusu. Ikasema na dakika arobaini. Fundi aliutazama mlango. Aliujua mlango ule. Si huu, lakini ndugu yake. Angenyoosha mkono, angesema choo, na ndani ya nusu saa angekuwa kwenye kiti chake cha cherehani na mambo yote yamekwisha. Akilini aliwaona wanafunzi wake kumi na sita na yule mtu mwingine amesimama mbele yao. Mkono wake wa kulia ulishaanza kuinuka.

Ndipo akasikia.

Taka-taka. Taka-taka. Taka-taka.

Ilikuwa sauti ndogo, ya kisigino na ncha ya kiatu juu ya saruji, lakini mwendo wake haukuwa wa mtu anayechezesha mguu hovyo. Ulikuwa mwendo wa pedeli, wa mshono mrefu ulionyooka, wa pindo la sketi. Fundi aliinama kidogo pembeni. Meza tatu mbele, chini ya kiti cha binti yake, viatu viwili vilivyopigwa rangi na fundi baiskeli vilikuwa vinapanda na kushuka.

"Nani huyo?" Msimamizi alishafika. Alisimama juu ya Profesa. "Binti, tuliza miguu. Unasumbua wenzako."

Viatu vikasimama. Fundi alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Mtoto wangu ananiita, aliwaza. Ameona nimekwama. Hakujiuliza ameonaje, naye amempa mgongo. Mapenzi ya mtoto yalimjaa kifuani mpaka hapakubaki nafasi ya maswali.

Dakika mbili zikapita. Taka-taka. Taka-taka.

"Wewe!" Safari hii ukumbi mzima uliinua vichwa. Msimamizi alizungumza polepole, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Hii ni mara ya pili. Nikisikia tena, utatoka nje na karatasi yako nitaichukua. Umenielewa?"

"Ndiyo, mwalimu," sauti ya binti ilisema, nyembamba kama uzi.

Sasa Fundi aliogopa woga wa aina nyingine, na huu ulikuwa na faida. Huyu mtoto hataacha, alijiambia. Ni mkaidi, namjua, nimemzaa mimi. Hataacha mpaka aone mama yake anaandika. Atakanyaga mara ya tatu, atatolewa, na miaka yake yote ya shule itaishia hapa kwa ajili ya mwanamke mmoja anayeogopa karatasi. Andika, mwanamke. Andika chochote, lakini andika asikie.

Akafunua karatasi kwa kishindo. Akakohoa, kikohozi kile anachokohoa nyumbani anapokaa kwenye mashine. Akaikamata kalamu ya mumewe, na kwa kuwa mwendo ule wa viatu ulikuwa bado unamzunguka kichwani, alianza kuufuata kwa kidole gumba cha mguu, ndani kabisa ya kiatu, ambako hakuna msimamizi anayeweza kuona. Taka-taka. Swali la nne: duara. Pai mara nusu kipenyo, mara nusu kipenyo tena. Ilikuwepo. Ilikuwepo muda wote, chini ya kitambaa.

Aliandika. Alipoinua macho, viatu vya binti yake havikuwa na sauti tena, lakini kisigino kimoja kilikuwa kinapanda na kushuka kidogo tu, bila kugusa sakafu, na mkono wa kulia unaandika. Fundi akaona fahari mpaka macho yakamwuma. Akarudi kwenye karatasi yake.

Nisikudanganye kwamba kila kitu kililainika. Alikuwa amepoteza dakika hamsini. Milinganyo miwili haikutoka kabisa, akairuka bila kugombana nayo. Grafu aliichora, akaifuta, akaichora tena. Aliandika saba inayofanana na moja, ikabidi airudie. Lakini kila alipohisi kile kimya kinamrudia masikioni, alikanyaga kwa kidole gumba, na mistari ikaendelea.

Zikiwa zimebaki dakika kumi alianza kukagua, na hapo damu ikamwisha. Swali la kumi na moja lilihusu kipande cha kitambaa chenye umbo la trapeza: upande wa juu sentimita arobaini, wa chini sitini, kimo hamsini, tafuta eneo. Alipoliona mara ya kwanza alikaribia kucheka kwa furaha, maana hicho ni kipande cha sketi, anakikata kila wiki. Alikuwa ameandika elfu mbili mia saba na nne. Sasa aliitazama ile namba. Ilikuwa na kitu. Akarudi juu, mstari kwa mstari, akaona: arobaini na mbili, sitini na mbili, hamsini na mbili. Alikuwa ameongeza ya mshono. Sentimita moja kila upande, kama fundi yeyote mwenye akili zake, kwa sababu ukikata kipande bila kuacha ya mshono unampelekea mtu sketi isiyoingia.

Lakini mtunga mtihani hashoni. Fundi alimlaani kimoyomoyo, akakata mstari juu ya jibu, akaandika upya chini yake: elfu mbili na mia tano. Alikuwa ameweka nukta ya mwisho pale msimamizi aliposema, "Kalamu chini."

Alikusanya karatasi yenye maandishi. Msimamizi alimrudishia futi yake, imekunjwa vizuri, akasema, "Haya, mama, ukapime watu," na kwa mara ya kwanza akatabasamu kidogo.

Binti alikuwa amesimama peke yake kando ya ukuta wa maktaba, mbali na wenzake waliokuwa wanabishana majibu. Fundi alimwendea karibu akikimbia, akamkumbatia.

"Mwanangu! Ungefukuzwa! Unajua kwamba ungefukuzwa? Mara mbili! Kwa ajili yangu mimi! Nilikuwa nimekwisha, nilikuwa naondoka, mkono uko juu, ndipo nikakusikia. Mungu akupe nini wewe mtoto!"

Binti hakurudisha kumbatio. Alikuwa amesimama tu, mikono imening'inia.

"Mama," alisema. "Sikuwa nakukanyagia wewe."

"Unasemaje?"

"Sikukufikiria hata kidogo. Nisamehe. Nilifungua karatasi nikawa sioni kitu. Naona maandishi lakini sisomi. Nusu saa nzima. Nilikuwa hata namba yangu nimeikosea. Ndio nikafumba macho nikajifanya niko nyumbani, na wewe unashona." Midomo ilianza kumcheza. "Miguu ilikwenda yenyewe. Yule mwalimu aliponikataza nikaona nakufa, nikaanza tena."

"Wewe? Profesa?"

"Msiniite hivyo!" Alilisema kwa nguvu, mpaka wenzake wakageuka, kisha akashusha sauti. "Kila siku Profesa, Profesa. Kila mtu ameshanipitisha. Nikifeli mimi nitakwenda wapi, mama? Wewe ukifeli watasema umejaribu."

Fundi alimtazama, na hii ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo. Binti alikuwa amedhoofu. Macho yalikuwa yameingia ndani, na hayo si mambo ya jana wala juzi. Kisha akaona mkono wa sweta. Pindo jipya lilikuwa limetafunwa pia, limelowa, na uzi wa nailoni ulining'inia umekatwa kwa meno.

Sasa mara nne umetafunwa. Mara tatu alikuwa ameushika mkono ule, akaukagua kwenye mwanga, akatafuta uzi wa rangi inayolingana, na kitu pekee alichokiona ni sweta. Mtu anayeweza kukutazama mlangoni akajua kiuno chako. Fundi aliona aibu iliyomchoma kuliko mtihani wowote, na hapo ukutani, mbele ya watoto wa watu, akalia.

"Usilie, mama. Nimeandika. Ulipokohoa nikajua uko nyuma yangu, nikaandika. Nadhani nimemaliza yote."

"Nalia yangu," alisema Fundi. "Niache nilie."

Matokeo yalitoka baada ya miezi miwili na nusu, na nitayasema sasa tumalizane nayo. Fundi alipita, kwa alama ile ya mwisho kabisa ambayo ikishuka nukta moja imefeli, na akiitwa mwalimu leo huko chuoni anageuka haraka kuliko anavyogeuka kwa jina lake. Binti alipita vizuri, si kwa kishindo ambacho mtaa ulikitabiri, na baba yake akaacha kumwita Profesa bila kuambiwa mara ya pili. Kalamu ilirudi.

Lakini Fundi akisimulia habari ya mtihani wake wa tatu, huko hafiki. Yeye hukomea alasiri ya siku ileile. Yeye alikuwa amemaliza. Binti alibakiwa na mitihani sita, na kesho yake ilikuwa baiolojia. Saa kumi binti alikaa mahali pake kwenye meza ya kukatia. Fundi alisimama katikati ya chumba hajui akae wapi. Sare zote za msimu zilikuwa zimeshachukuliwa, hapakuwa na kitambaa hata kimoja cha kushona.

"Kesho usikanyage kwa kisigino," alisema. "Kanyaga kwa kidole gumba, ndani ya kiatu. Hata akuinamie hasikii. Mimi nimefanya hivyo saa mbili nzima."

Binti alicheka kidogo, kicheko cha kwanza tangu asubuhi. Kisha akasema, bila kumtazama, "Mama. Shona."

Fundi akakaa kwenye kiti chake. Akatoa uzi kwenye sindano ili usikatike bure, akainua mguu wa mashine, ule unaobana kitambaa, akaweka miguu yake kwenye pedeli. Alikanyaga mpaka jua likapungua dirishani, hana anachoshona, macho yake hayako kwenye sindano. Aliutazama mkono wa kulia wa binti yake uliokuwa juu ya daftari. Pindo la sweta lilikuwa kavu.